Mshahara pungufu, ndege bure: nisaini mkataba huu?

Shikamoo mama,

Nakusoma kila wiki, na leo ni zamu yangu ya kuomba msaada. Nina miaka 43, ni mhasibu mwenye CPA, na kwa muda mrefu nimekuwa mkuu wa fedha katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa pale Barabara ya Nyerere. Kazi naipenda, lakini pa kupanda hapapo tena. Juu yangu yupo mwenye kampuni, na baada yake ni watoto wake.

Mwezi uliopita kampuni moja binafsi ya ndege iliniita. Baada ya usaili wamenipa ofa ya ukurugenzi wa fedha, mkataba wa miaka mitatu. Tatizo ni kwamba mshahara wa msingi walioandika ni pungufu kwa shilingi milioni 2 kwa mwezi kuliko huu ninaoupata sasa. Nilipouliza, mkuu wa rasilimali watu aliniambia: "Dada, wewe unaangalia mshahara tu, huangalii ndege. Utasafiri bure wewe na familia yako, ndani na nje ya nchi, na ukimaliza mkataba vizuri utaendelea kusafiri maisha yako yote. Wakurugenzi wa mashirika ya ndege duniani kote ndivyo wanavyolipwa."

Nimesoma rasimu ya mkataba kurasa zote. Habari ya ndege imo kwenye mstari mmoja tu: "Mwajiriwa na familia yake watastahili manufaa ya usafiri wa anga kwa mujibu wa sera ya kampuni itakavyokuwa wakati wowote." Sera yenyewe sijaonyeshwa. Kiinua mgongo mwisho wa mkataba ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi.

Nyumbani sasa. Mama yangu yuko Mwanza, ana presha na kisukari, na kliniki anakuja Dar. Mtoto wetu wa kwanza anasoma chuo India. Tunamlea pia mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 12, naye ananiita mama. Mume wangu amefurahi mno na ameshawatangazia ndugu zake. Wifi amepiga simu kuulizia tiketi za Desemba. Shemeji yangu anayefuata mzigo wa nguo Guangzhou ameuliza kama anaweza "kupita kwenye jina letu". Mume anasema nina mawazo madogo, kwamba cheo cha mkurugenzi na ndege bure ni heshima ambayo haipimwi kwa milioni 2.

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Sitaki kukosa nafasi, na sitaki kuja kujutia. Nisaini?

Mama K., Mbezi Beach

*

Marahaba mwanangu,

Usisaini bado. Sisemi uikatae kazi. Ukurugenzi wa fedha katika shirika la ndege ni kazi nzito na ya heshima, na ukiifanya miaka mitatu vizuri milango mingine itafunguka. Ninachosema ni kwamba huo mstari mmoja, kama ulivyoandikwa, hauna thamani ya shilingi milioni 2 kwa mwezi. Hauna hata thamani ya tiketi moja ya Mwanza, kwa sababu kampuni inaweza kuibadilisha sera Jumatatu, na Jumanne ukawa huna chochote, na mkataba wako usiwe umevunjwa hata kidogo. Maneno "itakavyokuwa wakati wowote" yamewekwa pale kwa kazi hiyo hiyo.

Tuanze na hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu na nadhani furaha ya nyumbani imekufanya uiweke kalamu chini. Milioni 2 kwa mwezi, kwa miezi 36, ni milioni 72. Hapo hatujamaliza. Mchango wa NSSF unakatwa kwenye mshahara, na sehemu ya mwajiri ikiwa ni asilimia 10, kila milioni 2 unayoikosa inaondoka na shilingi 200,000 za akiba yako ya uzeeni kila mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mkataba mzima. Kiinua mgongo nacho ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo milioni 14.4 nyingine hazipo. Jumla ni milioni 93.6 kabla ya kodi, au milioni 31.2 kwa mwaka.

Sasa chukua tiketi ya Dar kwenda Mwanza na kurudi. Bei zinapanda na kushuka, lakini tuseme 600,000 ili tupate pa kushika. Milioni 31.2 ni tiketi 52 za namna hiyo kwa mwaka. Kila wiki, mwaka mzima, mtu mmoja wa nyumba yako awe anakwenda Mwanza na kurudi, ndipo hiyo "bure" ifikie gharama ya mshahara uliouacha. Kaa na mume wako, toeni risiti za mwaka jana, muandike safari mlizosafiri kweli na nauli mlizolipa kweli. Msiandike safari ambazo mngependa kusafiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari unalo mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau kabisa. Ukienda benki kuomba mkopo wa nyumba, afisa mikopo anaangalia hati ya mshahara. Tiketi hazimo. Ukiumwa ukalala miezi miwili, mshahara wa ugonjwa unahesabiwa kwenye mshahara. Likizo usiyoichukua ikilipwa, inalipwa kwa mshahara. Kila kitu kinachokulinda katika ajira kimefungwa kwenye ile namba ya msingi, na ndiyo maana mwajiri mjanja anapenda kuishusha na kukuongezea vitu vya pembeni.

Sasa hizo tiketi zenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanaotoka nje ya sekta ya ndege wanapoumia.

Tiketi ya mfanyakazi wa ndege si tiketi kama unayonunua wewe leo kwa simu. Ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kama ya kuwa na kiwanja chenye hati na kuruhusiwa kulima kwenye kiwanja cha mtu. Aina ya kwanza ni ya nafasi iliyothibitishwa: kiti ni chako, jina lako limo, unaondoka kama abiria yeyote. Aina ya pili ni stendibai. Unakwenda uwanjani na begi lako, unaandikisha jina, unakaa pembeni. Abiria waliolipa wanapita wote. Kaunta ikishafungwa, msimamizi wa zamu anaangalia viti vilivyobaki, anaangalia orodha ya stafu wanaosubiri, anaita kwa kufuata cheo na tarehe ya kuanza kazi. Walio safarini kikazi wanatangulia. Jina lako lisipoitwa, unabeba begi unarudi Mbezi.

Na kiti kitupu peke yake hakitoshi. Kwenye ndege zetu ndogo za panga boi, siku ya joto na mizigo mingi, ndege inaweza kuwa na viti viwili vitupu lakini uzito umefika kikomo. Rubani hawezi kuongeza mtu. Stafu anabaki chini akiangalia ndege inaondoka na viti vyake.

Sasa mweke mama yako katika picha hiyo. Mama mwenye presha na kisukari, ana tarehe ya kliniki, amekaa uwanja wa Mwanza tangu asubuhi hajui kama atapanda. Akikosa ndege ya asubuhi anasubiri ya jioni. Akikosa ya jioni anarudi nyumbani, na kliniki imempita. Kwa mgonjwa, tiketi ya stendibai ni mzigo, hata ikiwa bure. Ni afadhali umlipie tiketi kamili kutoka kwenye ule mshahara mkubwa unaotaka kuuacha.

Mweke na wifi yako. Anataka Desemba. Desemba ndiyo wakati ambao ndege za Kilimanjaro na Mwanza zinajaa watu waliolipa nauli kubwa kwenda kula Krismasi nyumbani. Kampuni yoyote yenye akili haimpi stafu kiti wakati huo, na nyingi huweka tarehe za zuio kabisa katika sera zao. Kwa hiyo ndege za bure zitapatikana Februari, watoto wakiwa shule na wewe ukiwa unafunga hesabu za mwaka kwa ajili ya wakaguzi.

Mtoto wa India ni habari nyingine tena. Kampuni yako ikiwa hairuki huko, itabidi atumie makubaliano baina ya mashirika. Mashirika mengi duniani yana utaratibu wa nauli za wafanyakazi unaoitwa ZED, ambapo nauli inapangwa kwa umbali wa safari, na hupatikana tu pale ambapo shirika lako na lile jingine wamesaini makubaliano. Halafu kuna zile tiketi za punguzo, ID90 na ndugu zake. ID90 maana yake punguzo la asilimia 90 ya nauli, si bure, na kodi na tozo za viwanja unalipa mwenyewe. Nyingi za hizo ni stendibai. Kijana akiachwa Addis Ababa au Doha katikati ya safari, hoteli ni juu yake, chakula ni juu yake, na kama viza haimruhusu kutoka uwanjani atalala kwenye viti. Chuo kikifunguliwa wanafunzi wote wanarudi wiki moja. Uliza kampuni hiyo ina makubaliano na mashirika gani, na uombe orodha kwa maandishi. Usikubali "tuna makubaliano na wengi".

Kwa hiyo swali la kwanza la kumpelekea huyo mkuu wa rasilimali watu ni hili: kwa cheo changu, tiketi ni za nafasi iliyothibitishwa au za stendibai, ngapi kwa mwaka, na daraja gani? Wakurugenzi mara nyingi hupewa nafasi iliyothibitishwa wao wenyewe, na familia ikawekwa stendibai. Asipokujibu kwa karatasi, jibu unalo.

Swali la pili ni "familia" maana yake nani. Sisi tukisema familia tunajua tunachosema. Mkataba haujui. Sera nyingi zinaishia kwa mume au mke, watoto hadi umri fulani, na pengine wazazi. Mwanao wa chuo anaweza kuwa ameshapita umri. Mama mkwe anaweza asiwemo. Wifi na shemeji karibu kila mahali hawamo. Na huyo mtoto wa marehemu kaka yako, ambaye kwako ni mtoto wa kumzaa, kwa kampuni si mtu yeyote mpaka kuwe na karatasi. Hilo limenigusa kuliko mengine yote katika barua yako. Siku mnakwenda wote Mwanza, wanne wanaandikishwa, yeye anaambiwa jina lake halipo kwenye mfumo, mbele ya wenzake. Mtoto wa miaka 12 anaelewa kila kitu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina njia za kurasimisha ulezi. Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kinondoni, uwaeleze hali ilivyo. Fanya hivyo hata kama kazi hii hutaichukua, maana bima ya afya na mirathi zitauliza karatasi hiyo hiyo.

Tuje kwenye "maisha yako yote". Huyo bwana hakusema uongo mtupu. Wakuu wa mashirika makubwa ya Marekani kweli hupewa usafiri wa maisha. Jeff Smisek alipoondoka United Airlines Septemba 2015, wakati wa uchunguzi uliohusu kampuni hiyo na mamlaka ya bandari ya New York na New Jersey, makubaliano ya kuondoka kwake yalimpa karibu dola milioni 4.9 taslimu, na juu yake usafiri wa ndege na maegesho ya gari kwa maisha yake yote. Angalia hapo mambo mawili. Tiketi zilikuja juu ya fedha, hazikuja badala ya fedha. Na tunalijua hilo kwa sababu liliandikwa, likasainiwa, na kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa kule zinalazimika kutangaza manufaa ya wakuu wao hadharani. Wewe umeahidiwa kwa mdomo, ofisini, na mtu ambaye mwakani anaweza kuwa kampuni nyingine.

Hata kilichoandikwa kinahitaji kuandikwa vizuri. Mwaka 1981 American Airlines ilianza kuwauzia wateja kadi iliyoitwa AAirpass, ya kusafiri daraja la kwanza bila kikomo maisha yote, kwa dola 250,000. Steven Rothstein wa Chicago aliinunua 1987. Alisafiri miaka zaidi ya 20. Desemba 2008 akazuiwa uwanja wa O'Hare na kupewa barua kwamba kadi yake imefutwa, kampuni ikidai alivunja masharti kwa namna alivyokuwa akiweka nafasi za wasafiri wenzake. Wakaishia mahakamani. Huyo alikuwa mteja aliyelipa fedha zake mkononi. Mwajiriwa aliyepewa ahadi ya mdomo yuko mbali zaidi na kiti kuliko yeye.

Halafu maisha ya nani? Maisha yako, au maisha ya kampuni? East African Airways ilikufa 1977 pamoja na jumuiya yake. Fastjet Tanzania iliacha kuruka Desemba 2018, na watu waliokuwa wameshalipa nauli za Krismasi wakabaki wanahangaika. Biashara ya ndege ina faida nyembamba na madeni ya dola, na wewe kama mkurugenzi wa fedha ndiye utakayeziona namba hizo kabla ya mtu mwingine. Kampuni ikianguka, mshahara uliokwishalipwa uko benki, umejenga, umesomesha. Tiketi za maisha zinaanguka pamoja na ndege zake.

Kuhusu kodi sitakuchosha, nadhani unaijua kunishinda. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inahesabu manufaa yasiyo ya fedha kuwa kipato cha ajira, kwa thamani ya soko. Kwa ngazi yako kiwango ni asilimia 30. Tiketi ikithaminiwa 600,000, hapo kuna kodi ya 180,000. Thamani ya soko ya tiketi ya stendibai ni mjadala halali, kwa hiyo waulize wao wanaithaminije, na kodi hiyo inakatwa kwako au wanaibeba. Ule msamaha wa nauli ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto hadi wanne hauwezi kukusaidia, kwani unamhusu aliyeajiriwa kutoka mbali, zaidi ya maili 20, na ni kwa safari ya kuja na kuondoka kituo cha kazi. Wewe unatoka Mbezi.

Sasa ndugu. Nisamehe nikisema wazi: hili la shemeji wa Guangzhou ni hatari kuliko hesabu zote nilizokupigia hapo juu. Tiketi za wafanyakazi kwa kawaida ni za mapumziko, si za biashara, na ni kwa waliotajwa tu. Kumpitisha mtu kwenye jina ambalo si lake, au kumuuzia hata kwa "nauli ya chai", ni kosa ambalo mashirika ya ndege hufukuzia kazi bila kusita. Wewe utakuwa mkurugenzi wa fedha. Sahihi yako iko benki, iko kwenye hesabu zilizokaguliwa. Ukiondolewa kwa udanganyifu wa tiketi, hakuna kampuni nyingine itakayokupa daftari lake, na bodi ya wahasibu nayo inaweza kukuita. Mwambie hapana leo, kabla hujaanza kazi, na mume wako awepo ukimwambia.

Na hata ndugu waliotajwa halali, mwenendo wao uwanjani unaandikwa kwenye jina lako. Machi 2017 mabinti wawili waliokuwa wakisafiri kwa tiketi za familia za wafanyakazi wa United walizuiwa kupanda ndege Denver kwa sababu walivaa suruali za kubana. Dunia nzima ilijadili, lakini kampuni ilisimama kwenye hoja moja: msafiri wa tiketi ya stafu anaiwakilisha kampuni, na mavazi yake yana masharti. Fikiria wifi yako amekosa kiti Desemba, amekasirika, anamwambia msichana wa kaunta "unajua mimi ni wifi yake nani?" Kesho yake taarifa iko mezani kwa bosi wako.

Mume wako hana nia mbaya. Amefurahia mafanikio ya mke wake, na si wanaume wote wanaofurahia. Lakini ametangaza kitu ambacho bado hakipo. Mwombe awapigie ndugu zake yeye mwenyewe, si wewe, awaambie kwamba mkataba haujasainiwa na kwamba hata ukisainiwa tiketi ni za watu wachache waliotajwa kwa majina. Ukiwapigia wewe itakuwa "amepata cheo, amebadilika". Akipiga yeye, ni neno la kaka yao.

Sasa rudi kwa kampuni. Usiende kulalamika, nenda na mapendekezo mawili. La kwanza: mshahara ulingane na unaoupata sasa, na tiketi zifuate sera yao kama wanavyotaka. Hilo ndilo ninalolipenda mimi, kwa sababu unaziacha tiketi ziwe nyongeza na huzitegemei kwa lolote. La pili, kama kweli hawana fedha: mshahara upande walau nusu ya pengo, na kile kifungu kiandikwe upya ndani ya mkataba wenyewe, kisiegemee sera. Unaweza kuwapelekea maneno kama haya, mwanasheria wako ayapitie kwanza:

"Kampuni itampa Mwajiriwa tiketi … za kwenda na kurudi kwa kila mwaka wa mkataba, zenye nafasi iliyothibitishwa, katika safari zake zote, kwa matumizi yake na ya mwenzi wake, watoto wake wa kuzaa na anaowalea waliotajwa katika Kiambatisho A, mama yake mzazi na wazazi wa mwenzi wake. Tiketi ambazo hazikutumika zitalipwa kwa fedha mwisho wa kila mwaka kwa kiwango cha shilingi … kwa tiketi. Kodi ya mapato itokanayo na manufaa haya italipwa na Kampuni. Manufaa haya hayatapunguzwa wala kuondolewa katika muda wa mkataba bila makubaliano ya maandishi ya pande zote mbili. Mkataba ukiisha kwa sababu yoyote isiyokuwa utovu wa nidhamu uliothibitishwa, manufaa haya yataendelea kwa miaka …; na Mwajiriwa akifariki, mwenzi wake na watoto wake watayapata kwa kipindi hicho hicho."

Sentensi ya kulipwa kwa tiketi zisizotumika wataipinga sana kuliko zote. Ishike mpaka mwisho. Ikiwa wao wenyewe wanaamini tiketi hizo zina thamani ya milioni 2 kwa mwezi, hawana sababu ya kuogopa kuziandikia bei. Wakikubali kuziandikia bei ya chini, nayo ni habari njema kwako, kwa kuwa sasa una namba iliyotoka kwao ya kudaia mshahara. Na pale kwenye "maisha yote", usigombane nao. Miaka mitano iliyoandikwa inakutosha na ni rahisi kuidai.

Sheria iko upande wako katika kudai maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, pamoja na malipo na manufaa yasiyo ya fedha, na akibadilisha ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Ikitokea mgogoro huko mbele, mahali pa kuanzia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda wa kupeleka shauri la kuachishwa kazi ni siku 30, na migogoro mingine siku 60. Wakurugenzi wengi hupoteza haki zao hapo kwa sababu wanasubiri kwa heshima, wakidhani mambo yatamalizwa ofisini. Lakini kwenda CMA na mstari unaosema "sera itakavyokuwa wakati wowote" ni kwenda mikono mitupu, ndiyo maana nakusukuma uurekebishe sasa, wakati bado wanakutaka.

Kuhusu mwisho wa mwezi: waandikie wiki hii kwamba unaipenda nafasi, na kwamba utajibu ndani ya siku saba baada ya kupokea nakala ya sera ya usafiri. Kampuni inayomtafuta mkurugenzi wa fedha haiwezi kushangaa kwamba mtu huyo anataka kusoma kabla ya kusaini. Wakikataa kukuonyesha sera, wakikataa mshahara na wakikataa kifungu, basi baki Barabara ya Nyerere, uendelee kutafuta kwa utulivu ukiwa na mshahara wako mzima. Na kazini usiseme lolote, wala barua ya kuacha kazi usiiandike, mpaka mkataba mpya uwe mkononi umesainiwa na pande zote.

Wakikuletea rasimu ya pili, nitumie kifungu hicho peke yake, jina la kampuni ukiwa umelifuta. Nitakisoma siku hiyo hiyo na kukujibu moja kwa moja, bila kusubiri zamu ya safu hii.